Mkono wa Mshika Bendera

Duka la rangi, chumba cha nyuma
3 Februari

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti ambayo siku hizi yana maneno yao.

Najua unashangaa barua kukufuata kazini wakati simu ipo. Simu yako ukiwa nyumbani huiweka sauti ya juu ili mikono ioshe vyombo, na baba yako anakuwa hapo hapo na cherehani yake, anajifanya hasikii. Kuna jambo nataka kukuomba ambalo sitaki mdogo wangu alisikie. Si baya, bali lina aibu kidogo kwa mtu wa umri wangu.

Wanajeshi wamekwisha.

Pengine hujui chumba changu cha nyuma kina nini, kwa hiyo nikueleze. Kuna meza kubwa niliyoitandika turubai la kijani. Juu yake kuna vilima nilivyochonga kwa maboya, yale meupe mepesi ya kufungashia friji, na mto niliouchora kwa rangi ya mafuta. Kila Jumamosi nikifunga mlango wa mbele, watu wanaingia na masanduku yao. Ndani ya masanduku mna majeshi: askari wasiofika urefu wa kidole gumba, kila mmoja amepakwa rangi na mwenyewe, mpaka kope. Tunawapanga, tunapima hatua zao kwa futi kamba, tunatupa dadu kujua nani amepigwa na nani amekimbia. Ndiyo, watu wazima. Cheka, halafu uendelee kusoma.

Shida ni kwamba wanajeshi hawapatikani tena. Msambazaji wetu kila nikimpigia ananiambia mzigo uko njiani. Mara kiwanda hakina malighafi, mara kontena limekwama bandarini, mara sanduku limefika na ndani mna mizinga mitupu bila hata mtu mmoja wa kuifyatua. Rafu yangu ya pale dirishani sasa nimeijaza brashi ili isitie watu huzuni.

Na cha ajabu, watu wanazidi. Yupo Muuguzi mmoja wa hospitali ya jirani aliyekuja kutafuta rangi nyeupe ya geti lake, akasikia dadu, akachungulia. Geti halijapakwa hadi leo. Mwalimu wa hesabu naye kwa kukosa farasi anachezesha vizibo vya soda, na Jumamosi iliyopita vizibo vyake vimeniteka ngome. Mimi! Nimeshindwa na vizibo, mwanangu.

Wewe unatengeneza meno ya watu. Anayeweza kutengeneza gego hawezi kutengeneza farasi? Nijibu hapa dukani.

Baba yako mkubwa


Maabara ya meno, ghorofa ya pili
11 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo tena, ile ya kwanza umeichukua bila ruhusa.

Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa nimeshusha barakoa, na unga wote wa plasta mezani ukapeperuka kwa kucheka kwangu. Vizibo! Laiti ningeuona uso wako siku hiyo.

Jibu ni ndiyo, naweza. Kazi ni ile ile: unapata mfano, unauzamisha kwenye mpira laini, mpira unaganda, unaufungua, shimo linalobaki ndilo umbo lake, unajaza. Nimemuomba Daktari wetu wa meno ruhusa ya kutumia vifaa baada ya kazi. Akaniuliza farasi hao wana matatizo gani ya kutafuna.

Lakini ujue na sisi tuna njaa hiyo hiyo. Unga mweupe wa kutengenezea meno haujaingia tangu mwaka uanze. Wateja wangu wanasubiri kama wako, tofauti ni kwamba wa kwangu wanasubiri wakinywa uji. Kilichobaki tele ni ule unga wa rangi ya ufizi. Kwa hiyo farasi wako watakuwa wa waridi. Kama hilo litaleta aibu vitani, niambie mapema. Na nitumie mfano mmoja mzuri, usiovunjika.

Sasa maswali yangu, na usiyakwepe maana nakufahamu.

La kwanza: kwa nini wanakuja? Duka halina kitu, rafu ina brashi, na bado watu wanagonga mlango Jumamosi. Mimi kitu kikiadimika nakitafutia mbadala au nakisahau. Hawa wanafuata nini?

La pili: kwa nini Baba asijue? Tangu nipate akili sijakuona umekaa sebuleni kwetu. Kwenye misiba mnapeana mikono kama wakaguzi wawili waliokutana stendi, mnaulizana hali ya barabara, basi, kila mmoja na njia yake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo kaka na mdogo wake wanavyoishi. Kuna nini baina yenu?

Mwanao,
fundi wa meno


Duka la rangi
20 Februari

Mwanangu,

Humo ndani ya kasha la miwani utakuta watu wawili wamefungwa pamba. Mpanda farasi ndiye mfano. Wa pili ni mshika bendera. Huyo hana kazi, amemsindikiza mwenzake asiogope njiani. Usimguse. Warudi wote wawili pamoja na hao wa waridi. Waridi si kitu, tutazoea.

Swali lako la kwanza nilishindwa kulijibu nikampelekea Muuguzi. Alikuwa amepiga magoti anapima umbali wa mzinga wake, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mzee, kule wodini nikipoteza mtu nimempoteza. Hapa nikipoteza kikosi kizima, nawaokota, nawarudisha kwenye sanduku, Jumamosi wanasimama tena." Halafu akatupa dadu akapata moja, akatukana tusi ambalo sikutegemea kwa mtu wa taaluma yake.

Mwalimu yeye anasema anapenda kwamba hakuna anayejua mwisho, hata aliyetunga kanuni. Mimi nadhani kila mmoja anaongopa kidogo. Mtu aliyekaa jioni nyingi anampaka askari rangi ya vifungo kwa brashi yenye unywele mmoja hawezi tena kumwacha. Ameshamwangalia sana. Wapya wakiona dukani hakuna kitu hawaondoki, wanazidi kuuliza vya wenzao vilitoka wapi, nani alivipaka, vilishinda vita gani. Niliwahi kudhani uhaba utatuua. Naona umetufanya wasimuliaji.

Swali lako la pili: baba yako na mimi tuna mambo yetu. Ni ya zamani na hayaumi tena.

Baba yako mkubwa


Maabara ya meno
9 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Kikosi chako hiki hapa, farasi na wapandaji. Nilipowatoa kwenye mpira wa kwanza nilipiga kelele, wa chumba cha mapokezi wakadhani nimejiunguza. Ni wazuri mno! Hata mishipa ya shingo ya farasi imetoka. Daktari amemchukua mmoja akamweka juu ya meza yake, anasema ni kwa ajili ya kuwatuliza wagonjwa. Anawatisha.

Sasa nina mambo matatu ya kukuuliza, na nimeyashikilia muda mrefu.

Moja. Ulisema wanajeshi hawapatikani, na farasi hakuna. Huyu uliyenitumia umemtoa wapi? Ana koti la bluu, na kwenye mshono wa bega, chini ya taa yangu yenye lenzi, kuna vijistari vya uzi mweupe, kimoja baada ya kingine, vimechorwa kwa mkono. Nani anapaka rangi askari akakumbuka kuchora uzi? Mchoraji anachora vifungo na mkanda. Uzi anauona mtu mwenye cherehani tu. Na mimi nimelelewa chini ya cherehani.

Mbili. Yule mshika bendera. Najua ulisema nisimguse, lakini nilimkuta mkono wake wa kulia umekatika kwenye kiwiko, bendera ameishika na wa kushoto peke yake, maskini. Mimi mtu akiniletea pengo siwezi kulala nalo. Nimemtengenezea mkono. Bure, zawadi yangu kwako. Kidole gumba kimekaa vizuri kuliko vya wenzake.

Tatu, na hili ndilo linaloniwasha. Mkono wa huyu haukuvunjika. Kitu kikivunjika kinaacha ukingo wenye chembe chembe. Huu umebonyezwa, ukabanwa, ukatengana. Na kifuani kwake kuna vijishimo vinne vilivyojipanga kwa upinde mdogo, cha pembeni kimekaa upande. Baba Mkubwa, nimekaa na meno ya watu tangu nimalize chuo. Hayo ni meno. Ya juu, ya mbele, ya mtoto asiyezidi mwaka na kidogo. Kabla sijamgusa nilimchukulia chapa, maana kwetu hakuna anayetia mkono kwenye kinywa kabla ya kuchukua chapa, kwa hiyo alama zote ninazo.

Nani alimng'ata askari wako?

Fundi wa meno,
ambaye hajalala vizuri


Duka la rangi
17 Machi

Nianze na lililo zuri, nisije nikakosa adabu.

Farasi wako wameingia mjini kama maharusi. Nilipofungua boksi, Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Dakika chache baadaye walikuwa wanagombania nani awachukue. Wamewaita Kikosi cha Ufizi. Muuguzi ndiye aliyewapata kwa dadu, na amekataa katakata wasipakwe rangi nyingine. Jumamosi iliyopita wamevuka mto wakanipiga ubavuni. Watu wametoka mtaa wa tatu kuja kuwaona. Bado hawatoshi, na wapya wawili wamekaa benchi wakitazama tu, lakini ni mwanzo.

Sasa la pili. Nani alikutuma?

Nilikuandikia usimguse. Neno moja, "usimguse", ni gumu? Umempachika mkono mzuri, ni kweli, mkono mzuri kabisa, nami nilipouona nilikaa chini kwenye debe la vanishi. Mezani petu tuna kanuni ya zamani kuliko wewe: aliyeumia nyumbani hatengenezwi. Akianguka akapinda mkuki, anapigana na mkuki uliopinda. Hilo ndilo linalomtofautisha na aliyetoka kiwandani. Nimekurudishia. Mtoe huo mkono, arudi alivyokuwa, kisha nirudishie.

Koti la bluu umeliona sawasawa, macho yako ni ya baba yako. Ninalo jeshi zima la bluu, limekamilika, farasi, mizinga, mpaka mbwa wa jemadari. Liko kwenye sanduku juu ya kabati. Ni la baba yako. Tulinunua pamoja tukiwa vijana, mimi nikachukua wekundu, yeye bluu. Kila anayekuja hapa analiona sanduku lile. Muuguzi ameliomba. Mwalimu ameliomba kwa maandishi. Wale wa benchi wananiangalia kama nimeficha chakula wakati wa njaa. Siwezi kulitoa. Ni mali ya mtu, na mwenyewe hajasema.

Kuhusu meno, aliyemng'ata ana meno mengine sasa. Niishie hapo.

Baba yako mkubwa


Maabara ya meno
29 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na unisamehe. Mkono nimeuondoa. Nimeusaga polepole mpaka nikayafikia madini ya risasi ya zamani, na alama zote zimebaki kama nilivyozikuta. Sikujua.

Lakini "ana meno mengine sasa" unamwandikia nani, Baba Mkubwa? Unamwandikia fundi wa meno! Nilirudi nyumbani moja kwa moja nikafungua albamu ya Mama, marehemu. Kuna picha yangu nimesimama nimeshika kiti, nacheka kinywa wazi. Meno manne juu. La pembeni, la kulia, limekaa upande. Nikatoa chapa mfukoni nikaiweka kando ya picha. Nikakaa nayo sakafuni kama chizi.

Ni mimi.

Kwa hiyo nilifanya ambacho hukutaka. Baba alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nikamweka mshika bendera mezani, mbele ya cherehani, juu ya kitambaa cha mteja.

Mguu wake ukatoka kwenye pedali. Nilitegemea aulize nimempata wapi. Akauliza, "Bado anashikilia kilima?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Alikuwa kilimani. Baba yako mkubwa alikuwa anakuja na wekundu wote kutoka mtoni, na huyu peke yake alikuwa amebaki kilimani, na dadu zilikuwa mkononi mwangu." Unamjua Baba, hilo lilikuwa neno refu kwake kuliko yote ya mwaka huu. Kisha mengine yakafuata.

Anasema mlikuwa mnaishi nyumba moja, wewe chumba cha uani, na meza mliipanga sebuleni. Mama alikuwa kazini. Akasikia mimi nakohoa, akageuka akanikuta chini ya meza na askari kinywani, midomo ina damu, na mkono wa askari haupo. Madini ya risasi, Baba Mkubwa. Sumu, tena kwa mtoto. Alikimbia na mimi hospitali miguu mitupu. Aliporudi alikuwa hajui kama nitapona au la, na akakuambia mbele ya mlango: chagua, vinyago vyako au mtoto wangu.

Na anasema hukujibu hata neno. Ulikusanya wanajeshi wote, ukabeba sanduku, ukatoka.

"Alichagua," ndivyo alivyomalizia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Sasa nakuuliza, na hili si la udadisi tu. Maisha yangu yote nimekupenda kwa mbali, kwa kadi za sikukuu na pipi ulizokuwa unanitupia mfukoni misibani. Ni kweli ulichagua?

Mshika bendera sikurudishii kwa sasa. Si kiburi. Baba amemchukua, amemsimamisha juu ya mkono wa cherehani, na mimi sina ubavu wa kumnyang'anya.

Mwanao


Duka la rangi
6 Aprili

Mwanangu,

Nimefunga duka mchana, kitu ambacho sifanyi, ili nikujibu.

Kila alichokwambia ni kweli. Alisema nichague. Nami nilikuwa nimekaa kizingitini tangu alipokimbia na wewe, nimewazia kila kitu ambacho mtu anaweza kuwazia. Wewe ulikuwa unalala kifuani kwangu mchana, ulijua hilo? Mama yako akiwa kazini na baba yako ana mzigo wa mashati, mimi ndiye nilikuwa kitanda chako. Sikuwa na mtoto, na sikupata baadaye. Uliota jino la kwanza kwenye kidole changu.

Kwa hiyo aliposema nichague, sikuona kuna kuchagua. Nilitazama ile meza nikaona sumu imejaa sebuleni kwa mtoto. Wekundu, bluu, wote ni risasi ile ile. Nikawakusanya mmoja mmoja, nikapiga magoti nikatafuta chini ya kabati asibaki hata mmoja, nikalibeba sanduku nikalitoa ndani ya nyumba yenu. Nililipeleka mbali, kwa rafiki aliyekuwa na ghala, likakaa huko mpaka nilipopata duka. Hilo lilikuwa jibu langu. Nilidhani linaonekana.

Niliporudi jioni nilikuta godoro langu liko uani.

Nikajua amenitoa na mimi pamoja na vinyago. Nikaona ana haki, mtoto ni wake. Nikalipita godoro, nikaenda zangu. Kugonga mlango sikugonga. Mpaka leo sikuwahi kufikiri kwamba yeye ndani alikuwa ananiona mimi ndiye niliyeondoka. Nimeisoma barua yako, mwanangu, nikapiga kelele peke yangu kati ya madebe.

Pengine utauliza kwa nini sikumtupa mshika bendera. Ningemtupaje? Ana meno yako kifuani. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho mle ndani kilichokuwa cha kwako. Wengine wana picha.

Jambo moja tu limenikera miaka yote hii, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza mtu. Nilisikia kwa watu kwamba umepona. Lakini ule mkono, ulitoka? Au uko humo mpaka leo? Kila ulipougua, hata mafua, niliuwazia ule mkono.

Barua hii mpe baba yako akitaka. Asipotaka, iweke wewe. Jeshi lake lipo, halina hata mkwaruzo. Mwambie ni hilo tu.

Baba yako mkubwa


Nyumbani, mezani kwa cherehani
15 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Hii naandika mwenyewe. Binti yangu yuko jikoni anajifanya anapika, kumbe sufuria haina kitu, nasikia.

Barua yako nimeisoma, na zile za kabla yake. Siku ile nilishona suruali ya mteja mguu mmoja ukawa mfupi, na wewe unajua sijawahi. Nimemlipa kitambaa.

Sina maneno mengi, sikuwa nayo hata zamani. Wewe ulikuwa unaongea kwa niaba yetu sote wawili, na siku moja uliyonyamaza ndiyo siku niliyohitaji uongee. Nami ningeweza kukufuata getini. Nilikuona unatoka na sanduku, nikaona mgongo tu. Nimeushikilia huo mgongo mpaka tumezeeka. Inanichoma, kaka. Tumekuwa wajinga sana.

Godoro nililitoa kwa hasira, sikatai. Mvua ilipoanza kunyesha nililiingiza. Nililikausha, nikalirudisha kitandani kwako, nikatandika. Chumba kilikaa hivyo hivyo mpaka tulipohama nyumba ile. Nilijua utalifuata.

Kuhusu mkono, ulitoka. Ilichukua siku chache, na njia uliyopitia unaijua, sina haja ya kuichora. Mama yake hakutaka hata kuutazama. Mimi niliuosha kwa sabuni na maji ya moto, nikauweka kwenye kopo la sindano. Nilikuwa nakungoja uje kugombana, nikutupie usoni, nikwambie tazama huu hapa, mwanao mzima. Hukuja kugombana. Kwenye kila msiba nilikuwa nao mfukoni. Wewe ukaniuliza hali ya barabara.

Uko hapa mbele yangu. Ni mdogo kuliko punje ya mchele, ila kidole gumba kinaonekana. Binti yangu ameutazama kwa lenzi yake akalia, kisha akasema ule alioutengeneza yeye ni mzuri zaidi. Ana ubishi wako.

Sasa sikiliza. Jeshi la bluu lishushe juu ya kabati. Wape hao waliokaa benchi, na Mwalimu apumzishe vizibo. Ila mwambie kila mtu anawe mikono akimaliza, na mtoto wa mtu asisogee. Mizinga ina gurudumu moja linalolegea, wasiisukume kwa nguvu. Muuguzi umwambie namheshimu kwa yale aliyosema kuhusu kuokota watu na kuwasimamisha, lakini sitaki nikutane na farasi wake wa ufizi siku ya kwanza, macho yangu bado hayajazoea.

Kilimani anaweza kusimama mtu yeyote, isipokuwa upande wa kushoto, pale penye jiwe. Pale ni pa mshika bendera. Nakuja naye Jumamosi, na mkono wake kwenye kopo. Hatutaugundisha, kanuni ni kanuni. Nataka tu uushike.

Binti yangu anasema atanisindikiza, eti anakuja kutazama. Ameshanunua brashi.

Pangeni meza, lakini msianze mpaka nifike. Ilikuwa zamu yangu.

Mdogo wako,
fundi cherehani